Aliyemtaja Mwai

Soko la mitumba la Karatina siku ya soko halina adabu kabisa. Unasukumwa, unakanyagwa, vumbi la marobota linakuingia puani, na anayekuuzia anakupigia kelele utadhani umemkosea. Hapo ndipo Kagure alipomwona Mwai mara ya kwanza. Alikuwa amesimama juu ya turubali, amevua viatu, amevaa koti la suti la kijivu ambalo mikono yake ilikuwa imekata tamaa njiani. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye shingo ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Alikuwa akijigeuza mbele ya kipande cha kioo.

Kagure akacheka. Hakukusudia jamani, kicheko kilimtoka tu.

"Unacheka nini?" Mwai aliuliza.

"Hakuna. Pole."

"Si useme tu. Nafanana na daktari ama sifanani?"

"Unafanana na mtu wa bima."

"Ya gari ama ya maisha?"

"Ya mazishi."

Mwuzaji akaruka juu. "Wewe msichana, kwani umetumwa uniharibie kazi? Koti safi kama hii!"

Mwai alikuwa ameshaanza kucheka pia, na meno yake, loo, yalikuwa meno ya kumfanya mtu asahau alichokuja kununua. Kagure alikuja kutafuta blauzi nyeupe. Alikuwa na sketi ndefu ya jinzi na sweta rangi ya damu ya mzee, nywele amesuka matuta ya kurudi nyuma, na macho yake makubwa yalikuwa yakimcheka Mwai hata baada ya mdomo kunyamaza.

"Na hiyo udaktari ni ya wapi?" akamuuliza.

"Niko na intavyu wiki ijayo. Kile chuo ya udaktari ya huko Kiganjo."

Kagure akaacha kucheka. "Hata mimi."

Wakatazamana. Watu wawili wanaotafuta nafasi moja hutazamana namna fulani hivi, nusu wamefurahi, nusu wanapimana. Mwai akavua koti, akamrudishia mwuzaji, akasema, "Basi wewe ndio utanichagulia. Ukinichagulia mbaya, nitajua unanimaliza."

Kagure akamchagulia zuri, la samawati iliyoiva, lililomkaa mabegani. Mwai naye akachakura lile rundo la blauzi mpaka akampatia moja yenye kola ndogo, nyeupe, isiyo na doa. Jioni hiyo walikuwa wamepeana namba.

Wacha niseme mapema, huyu Kagure hakuwa malaika. Alikuwa msichana wa Giakanja aliyekuwa akitaka kitu kimoja maishani, na alikitaka mpaka usingizini. Tangu akiwa shule ya msingi alikuwa akimsindikiza nyanya yake kliniki ya sukari. Daktari alikuwa akizungumza juu ya kichwa cha yule mama mzee, kwa Kiingereza, haraka haraka, kisha Kagure anamgeukia nyanya na kumwambia kwa Kikuyu alichoelewa. Siku moja alielewa vibaya, na nyanya akalazwa. Kuanzia siku hiyo alijua atakaa upande ule mwingine wa meza. Lakini matokeo yake ya kidato cha nne yalipungua kidogo tu, na serikali ikampeleka sayansi ya udongo. Udongo! Chuo cha Kiganjo ndicho kilichobaki, kwa sababu kilikuwa na wafadhili, na hakikuchagua watu kwa alama peke yake. Kilikuita, kikakupitisha mlango baada ya mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu wa kukupima roho.

Wakaanza kufanya mazoezi pamoja, nje ya maktaba ya mjini Nyeri, kwenye benchi lenye kivuli. Mmoja anakuwa mhojaji, mwingine anajibu.

"Kwa nini unataka kuwa daktari?" Kagure aliuliza, amekunja uso.

"Kwa sababu kuna msichana fulani wa Giakanja ananipea shinikizo la damu."

"Mwai! Kuwa siriasi."

"Niko siriasi. Nipime."

"Nitakupima na hii kiatu."

"Haya, Daki. Nisamehe, Daki."

Ndivyo alivyomwita, Daki, na Kagure alijifanya hataki huku masikio yakipata moto. Ulipofika mwisho wa wiki walikuwa wakishikana mikono kati ya swali na swali. Baridi ya Nyeri ilisaidia. Mwai alimvisha skafu yake, akaifunga vizuri shingoni, akachelewa kuondoa mikono.

"Tukiingia wote?" Kagure aliuliza.

"Tutakaa bweni jirani, tutagawana vitabu, na watu watatuchoka."

"Na akiingia mmoja?"

Mwai alifikiri. "Huyo mmoja asimwache mwenzake nje. Hiyo tu."

Kagure aliyashika maneno hayo, akayaweka moyoni yote.

Mahojiano yalikuwa ya siku mbili. Mwai aliitwa siku ya kwanza, Kagure ya pili. Jioni ile ya kwanza simu ya Kagure ililia akiwa jikoni anachambua mboga.

"Ilikuaje?"

"Aki Kagure, nimetokwa na jasho mpaka soksi. Unasimama nje ya mlango, unasoma karatasi, kengele inalia, unaingia. Ukianza kuzoea, kengele tena. Na hawa watu hawatabasamu! Unaongea ni kama unaongelesha ukuta."

"Wameuliza nini?"

Mwai akashusha sauti. "Tumeapishwa. Kabla ya kutoka, tumesimama wote, mkono juu. Ati tusiambie mtu yeyote."

"Basi usiniambie."

"Sikuambii."

"Sawa."

Sufuria ilichemka, Kagure akaipunguzia moto.

"Niambie tu ile ya mgonjwa," akasema.

Mwai akacheka kidogo, akashusha pumzi. "Kwa sababu ni wewe. Kwa sababu nakupenda, na sijawahi kukuambia, na sasa nimekuambia kwa simu kama mjinga. Sikia vizuri. Kuna figo moja na wagonjwa wawili, uchague. Kuna mzee amekataa kukatwa mguu. Kuna daktari mwenzako amekuja kazini amelewa."

Akampa yote. Kagure akaenda kulala na figo, mguu na mlevi kichwani, na lile neno nakupenda likiwa juu ya vyote.

Asubuhi uwanja wa chuo ulijaa wazazi na chupa za chai. Wazazi walionekana wagonjwa kuliko watoto wao. Getini simu zilikusanywa kwenye ndoo, majina yakaachwa hapo hapo, kila mtu akabandikwa namba kifuani. Ndani ya ukumbi hakuna aliyeongea kwa sauti. Walitazamana viatu. Kulikuwa na watoto wa madaktari, unawajua kwa jinsi walivyokaa bila wasiwasi, na kulikuwa na wengine walioshona suruali jana. Kagure aliketi kando ya Jinal, binti wa mzee Yogesh mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, msichana mwembamba aliyekuwa akiuma kucha moja baada ya nyingine.

"Umesoma nini?" Jinal alinong'ona, kwa Kiswahili cha Nyeri kabisa.

"Kila kitu. Na wewe?"

"Mimi sisomi za watu. Kaka yangu Dhaval alienda intavyu kama hii Nairobi, beste yake akampea maswali. Yote feki! Beste ndio aliingia. Dhaval sahi anauza misumari na baba." Akauma kucha. "Hapa kila mtu anamalizana na mwenzake, wewe kaa hivyo tu."

Kagure alitabasamu kwa huruma. Maskini Dhaval. Yeye alikuwa na Mwai.

Kengele ikalia. Akasimama mbele ya mlango wake wa kwanza, akasoma karatasi iliyobandikwa. Hapakuwa na figo. Kulikuwa na mwalimu anayetaka cheti cha ugonjwa ilhali ni mzima. Kagure akasoma tena, akiitafuta figo katikati ya mistari. Kengele ikalia tena, akaingia mikono mitupu, akajikwaa kwenye maneno, akatolewa.

Mlango wa pili hapakuwa na mzee wala mguu. Ndani aliketi mama mmoja mwenye leso, na kazi ya Kagure ilikuwa kumwambia kwamba mwanawe hakuamka kwenye upasuaji. Kagure akaketi, akamshika mkono, akamwambia. Yule mama akalia. Alilia machozi ya kweli, yalitiririka mpaka kidevuni, akasema, "Lakini alikuwa ameniomba nimletee maandazi," na Kagure naye akaanza kulia. Kisha kengele. Mama akajipangusa uso, akanywa maji, akarudisha leso vizuri. "Asante. Mlango unaofuata," akasema. Hata sauti haikutetemeka.

Kagure akatoka nje akiwa baridi mwili mzima. Kama mtu anaweza kulia hivyo na asimaanishe, Mwai angeshindwaje kusema nakupenda kwa simu bila kumaanisha? Mlango wa tatu, hapakuwa na mlevi. Wa nne, hakuna alichoambiwa. Ndipo alipoamini. Mwai alikuwa amemlisha maswali ya uongo, yeye akayameza, akashukuru. Alihisi hasira ikipanda, hasira ya aibu, ile mbaya zaidi. Na nafasi yake ilikuwa inakwenda, mlango kwa mlango, anaiona.

Akafika mlango wa mwisho. Karatasi ilisema: *Rafiki yako wa karibu, aliyehojiwa kabla yako, amekupa maswali ya mahojiano haya. Waeleze wahojaji utafanya nini.*

Akaisoma mara ya pili, neno kwa neno.

Sasa hebu niambie, mtu mwingine yeyote angefikiri nini? Jinal alisoma karatasi hiyo hiyo akaona ni mfano. Wengine wote waliosimama hapo siku hiyo waliona ni mfano. Kagure peke yake ndiye aliyeona jina lake limeandikwa pale.

Ndani aliketi mpasuaji mzee aliyestaafu, mwenye mvi, na Daktari Monicah, mkuu wa kuwaandikisha wanafunzi, mama wa makamo mwenye miwani na kitambaa cha hariri shingoni.

"Umesoma karatasi?" Daktari Monicah aliuliza.

"Nimesoma."

"Basi tuambie. Utafanya nini?"

"Mmejuaje?"

Hawakujibu. Wahojaji walikuwa wameagizwa wasitikise kichwa, wasitabasamu, wasikunje uso. Kama mmoja wao angesema tu, huu ni mfano, binti, hadithi hii ingekwenda moja kwa moja mpaka harusini na mimi ningenyamaza. Lakini waliagizwa. Walimtazama. Kagure akaona wanajua kila kitu, wanangoja tu aseme uongo wamfukuze.

"Ni Mwai Wambugu," akasema. "Alihojiwa jana. Alinipigia jioni akaniambia. Ati figo moja wagonjwa wawili. Ati mzee wa mguu. Ati daktari mlevi. Na yote ni uongo, alitaka nianguke!"

Mpasuaji akaweka kalamu chini. Akamtazama Daktari Monicah, na Daktari Monicah akavua miwani.

"Rudia hilo jina," akasema.

Kagure akalirudia. Kengele ikalia.

Nje ya geti Mwai alikuwa anamngoja, amevaa lile koti la samawati, ameshika mfuko wa maandazi ya moto. Uso wake ulichanua alipomwona.

"Daki wangu! Leta habari!"

"Usiniguse."

"Nini? Umefanyaje?"

"Unajua ulichofanya. Hakuna hata swali moja lilikuwa la kweli. Toka mbele yangu, Mwai. Nakuambia toka!"

Akampita. Akafunga namba ya Mwai kwenye simu yake kabla hajafika barabarani, na njia nzima mpaka Giakanja alilia bila kujali nani anamwona.

Baada ya siku kadhaa Daktari Monicah alimpigia mwenyewe. Kagure amechukuliwa. "Majibu yako mengine yalikuwa ya wastani," alisema, "lakini kamati ilisimama kwenye mlango wa mwisho. Watu wengi hutuambia wangefanya nini. Wewe ulifanya." Kagure hakuelewa vizuri, wala hakutaka kuelewa. Nyanya alipiga vigelegele, majirani wakaja, kuku akachinjwa. Alikuwa daktari. Alikuwa karibu kuwa daktari.

Wiki iliyofuata aliingia dukani kwa mzee Yogesh kununua balbu, akamkuta Jinal nyuma ya kaunta. Jinal hakuchukuliwa, lakini alimkumbatia.

"Hongera! Mimi ile ya mama wa kulia ndio ilinimaliza. Nilicheka, unaweza amini?"

"Jinal, nikuulize. Wale wa siku ya kwanza waliulizwa nini?"

"Figo sijui, mguu sijui. Wanabadilisha kila siku, si unajua? Ndio watu wasiambiane."

Kagure akashika kaunta. "Wanabadilisha."

"Kila siku. Na ile ya mwisho ya rafiki, nayo? Mimi nilisema nitamwambia rafiki aende aseme mwenyewe. Yule mzee nusura asinzie." Jinal akacheka. "Wewe ulisema nini?"

Kagure aliacha balbu pale pale.

Alisimama nje, kando ya mabati na toroli za kuuzwa, akafungua namba ya Mwai, akapiga. Ilijibiwa mara moja.

"Kagure?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekonda. "Kagure, sikukudanganya. Naapa. Sijui walibadilisha ama nini, lakini yale ndiyo niliulizwa."

"Najua. Nisamehe. Nimejua sasa hivi."

Mwai akaanza kulia. Hakuwa mtu wa kulia, na hakujua kulia vizuri. "Wamenikata. Wameniita mbele ya kamati, wakasema kuna mtu amenitaja. Nimekataa, lakini yule mtu amewapea kila kitu, figo, mguu, kila kitu. Mama hajala tangu jana."

"Nani alikutaja?" Kagure aliuliza.

Ndiyo. Alilitoa swali hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Hawasemi. Labda kuna mtu alinisikia nikikupigia. Nikimjua sitampiga, Kagure. Nitamuuliza tu nilimkosea nini." Akavuta kamasi. "Lakini wewe umeingia. Angalau wewe umeingia, Daki wangu. Nimefurahi, walahi nimefurahi."

Kagure akapiga hesabu. Kusema ukweli kwa Mwai hakungemrudishia nafasi. Kitu kimoja tu ndicho kingeirudisha, nacho kilikuwa uongo. Aliuzunguka uongo huo kutwa nzima, akitazama bei yake, na bei yake ilikuwa ni yeye.

Alivaa blauzi nyeupe akaenda Kiganjo.

"Nilimsingizia," alimwambia Daktari Monicah, akiwa amesimama. Hakuambiwa aketi.

"Unasema?"

"Mwai hakuniambia kitu. Niliyasikia maswali hapo nje ya geti, watu walikuwa wakiongea. Nikamtaja yeye."

"Kwa nini yeye?"

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Mapenzi."

Daktari Monicah alimtazama muda mrefu. Alikuwa mama mwenye akili, na nadhani kuna mahali ndani yake aliponusa ukweli, lakini hakuufuata. "Unajua unachojifanyia? Nikiyapeleka haya kwa kamati, kijana atarudi. Wewe utatoka, na hutaomba tena hapa. Na wafadhili ni wamoja kwa vyuo vyote hivi. Watauliza."

"Najua."

"Msichana aliyekuwa tayari kuzika maisha ya mtu kwa sababu ya ugomvi wa mapenzi." Alivaa miwani yake tena. "Nilikupigania mimi. Mbele ya wanaume wazima nilisema, huyu ana uti wa mgongo. Nenda."

Kagure alienda. Huko nyumbani alimwambia nyanya kwamba kulikuwa na makosa kwenye majina. Nyanya alimtazama, akamwambia aje ale.

Chuo kikamwita Mwai, kikamwomba radhi. Msichana fulani wa Giakanja amekiri kukusingizia, walimwambia. Mwai, ambaye alijua vizuri kabisa kwamba hakusingiziwa, alipiga simu akiwa bado amesimama uwanjani.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Wewe ndio ulinitaja. Na wewe ndio ulinitoa."

"Nilidhani umenidanganya. Nilisimama kwa ule mlango nikadhani wanajua. Mwai, nisamehe."

Alikata simu. Hakupiga wiki hiyo, wala mwezi huo. Kagure akaripoti kusomea udongo. Alijifunza kuuchota, kuukausha, kuuchekecha, na kila jioni aliangalia simu.

Kisha, siku moja muhula ukiwa katikati, ujumbe: *Daki, nimechoka kukukasirikia. Njoo Nyeri Jumamosi.*

Alikwenda. Angeenda hata kwa miguu. Alivaa gauni la maua ya njano, akapaka mafuta ya midomo, akavaa hereni za dada yake. Mwai alikuwa amekaa kwenye mkahawa wa ghorofani mjini, karibu na dirisha, amevaa koti jeupe la wanafunzi wa udaktari, lile ambalo hawakubali kulivua hata wakienda kununua mkate. Aliponyanyuka kumkumbatia, Kagure alisikia moyo wake unataka kutoka.

"Umekonda," Mwai alisema.

"Ni udongo."

Akacheka, na yale meno yakarudi. Wakaagiza chai na samosa. Walishikana mikono juu ya meza mchana kweupe. Mwai alisimulia juu ya maiti ya kwanza aliyoishika, juu ya harufu isiyotoka vidoleni, juu ya mhadhiri anayetupa chaki. Kagure alisikiliza kwa njaa. Kila neno lilimuuma na kila neno alilitaka. Aliuliza maswali mengi, mpaka Mwai akamziba mdomo kwa kidole.

"Wacha hizo. Nimekuitia kitu ingine." Akatoa pete. Ilikuwa nyembamba, ya fedha, na alikuwa ameing'arisha, lazima niseme ukweli, mpaka inawaka. "Nilisema atakayeingia asimwache mwenzake nje. Sijasahau. Nikimaliza tuoane, Kagure. Utakuwa mke wa daktari."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Si nimekuambia, mpenzi? Mke wangu."

Kitu kidogo kilimchoma hapo, lakini alimpenda, na mtu aliyengoja simu muhula mzima hachagui maneno. Akanyoosha kidole. Pete ikaingia. Msichana wa meza ya pili alipiga makofi, na Kagure akacheka na kulia kwa pamoja, kwa furaha, furaha ya kweli kabisa.

Simu ya Mwai ikalia. "Ni mama," alisema, akaiweka kwa spika, katikati ya vikombe.

"Mwai, umemwona?" sauti ya mama iliuliza.

"Nimemwona, Mama. Amekubali."

"Mungu asifiwe. Lakini nikuulize, huyu si ndiye yule wa Giakanja? Si ndiye alikusingizia kwa walimu, ukataka kufa?"

Mwai akamtazama Kagure. Kagure akamtazama Mwai. Hapakuwa na kamati pale, hapakuwa na kengele. Kulikuwa na mama tu, na chai.

"Ndiye, Mama," Mwai alisema. "Lakini nimemsamehe."

"Una roho ya baba yako. Mpee simu nimwambie kitu."

Mwai akaisogeza simu polepole, macho yake yakimwomba Kagure kitu, na Kagure alielewa alichoombwa.

"Msichana wangu," mama alisema, kwa upole, kwa nia njema, "umebahatika. Mwanaume wa kusamehe jambo kama hilo hayuko tena. Utamtunza?"

"Asante, Mama. Ni kweli amenisamehe." Kagure alikuwa ameshasimama, anaizungusha pete. "Mimi ndiye sijamsamehe."

"Unasema?"

Mwai akanyakua simu, akaifunika kwa kiganja. "Kagure! Keti. Watu wanatuangalia."

"Mwambie ukweli nitaketi."

"Wataniondoa chuoni."

"Ni mama yako, Mwai. Si kamati."

Midomo ya Mwai ilifunguka. Kagure alingoja. Aliipenda hata hiyo midomo, wakati huo huo, Mungu amsaidie.

"Nitamwambia siku ingine," Mwai alisema.

Kagure akaweka pete kwenye kisahani, kando ya samosa, akachukua mkoba wake, akateremka ngazi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alisimama ng'ambo ya barabara, chini ya paa la duka la dawa, mahali panapoonekana kutoka dirishani. Angetoka tu, angeteremka zile ngazi hata bila neno la kusema, Kagure angerudi. Alijijua.

Kupitia kioo alimwona Mwai ameweka simu sikioni. Alikuwa akieleza kitu, anatikisa kichwa. Mama alisema jambo, Mwai akatabasamu kidogo. Kisha akainua mkono wenye koti jeupe, akamwita mhudumu, akamwonyesha kikombe chake aongezewe chai.